UZI: Mimba "inaanza" lini? Kenya ina majibu matatu, na yote yako kwenye sheria

1/
Kila msimu wa siasa ukifika, huu mjadala unarudi. Mmoja anasema: "Katiba imesema uhai unaanza mimba ikitungwa, tufunge mjadala." Mwingine anajibu: "Hizo ni sheria za mkoloni." Watu wanatukanana mpaka usiku wa manane, asubuhi hakuna aliyejifunza kitu. Wote wawili wana nusu ya ukweli. Wacha nijaribu kueleza historia yenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa hapa Kakamega, si daktari wala wakili. Sitataja mwanasiasa wala chama, na sitakuambia uunge mkono upande gani.

2/
Tuanze na mwili, maana wengi wanabishana juu ya kitu ambacho hawajaambiwa kinavyofanyika. Yai la mwanamke likishatoka, linaishi takriban siku moja tu. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa mwilini mwa mwanamke siku kadhaa ikisubiri. Zikikutana ndani ya mrija wa uzazi, zinaungana na kuwa seli moja. Hiyo seli inagawanyika: mbili, nne, nane, huku ikisukumwa polepole kuelekea mji wa mimba.

3/
Safari hiyo haiishi siku hiyo hiyo. Baada ya siku 5 au 6 imekuwa kifundo cha seli, kisha kinaanza kujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kazi ya siku kadhaa. Ni baada ya hapo ndipo mwili unatoa homoni ambayo kipimo cha mkojo kinaiona. Kabla ya hapo hakuna kipimo cha kliniki kinachoweza kusema kama kuna mimba. Na mayai mengi yaliyorutubishwa hayafiki hapo. Yanatoka na hedhi, mwenyewe asijue.

4/
Sasa shika hili, maana litatusaidia mbele: daktari hahesabu kutoka siku mimba ilipotungwa. Anahesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe mama anaweza kuikumbuka. Kwa hivyo mama akiambiwa kliniki "una wiki 6", mtoto mwenyewe ana kama wiki 4. Wiki 40 za ujauzito ni wiki 38 za mtoto. Watu wawili wanaweza kubishana mtandaoni juu ya "wiki ya 6" na kila mmoja anaongea juu ya siku tofauti.

5/
Kwa hesabu ya kliniki: kama wiki ya 6, mapigo ya moyo yanaanza kuonekana kwenye skani. Wiki ya 10, kiinitete kinaanza kuitwa kijusi, viungo vikuu vikiwa vimeshapangwa ingawa bado vichanga. Kati ya wiki ya 18 na 20 hivi mama anaanza kumsikia akicheza, na aliyewahi kuzaa anaweza kumsikia mapema zaidi. Kuanzia karibu wiki ya 24 mtoto akizaliwa anaweza kuishi, ILA pale penye mashine na wataalamu. Hiyo ILA ni kubwa sana kwetu.

6/
Haya, historia. Kwa karne nyingi hakuna binadamu aliyeona haya niliyoandika. Yai la mnyama anayenyonyesha lilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1827 na Karl Ernst von Baer, tena lilikuwa la mbwa. Mbegu na yai kuungana kulionekana vizuri kwenye darubini miaka ya 1870, Oscar Hertwig akichunguza mayai ya kiumbe cha baharini. Kabla ya hapo, alama kubwa ilikuwa moja: mtoto kucheza tumboni. Mama ndiye aliyekuwa shahidi, na hakukuwa na wa kumpinga.

7/
Dini nazo zilikuwa na hesabu zake. Wanazuoni wengi wa Kiislamu, wakiwemo wanaofuatwa huku Pwani, walishika hadithi inayosema roho hupulizwa baada ya siku 120. Kanisa Katoliki kwa muda mrefu lilikuwa na wanafikra waliofuata Aristotle, aliyesema mtoto wa kiume hupata umbo kama siku ya 40 na wa kike baadaye. Tofauti hiyo ya kabla na baada ya "roho" iliondolewa kwenye adhabu za kanisa mwaka 1869. Anayekuambia jibu limekuwa moja tangu dunia iumbwe, muulize kwa upole amesoma wapi.

8/
Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya bunge juu ya kutoa mimba mwaka 1803. Hiyo sheria ilitumia alama ile ile ya mtoto kucheza: baada ya hapo adhabu ni kifo, kabla ya hapo adhabu ni nyepesi kidogo. Mwaka 1837 tofauti hiyo ikafutwa, na adhabu ya kifo pia. Mwaka 1861 ikaja sheria nyingine iliyoleta kifungo cha maisha. Angalia kilichobadilika kimyakimya hapo: ushahidi wa mama kuhusu tumbo lake haukuhitajika tena.

9/
Sheria hiyo ya 1861 ndiyo babu wa sheria yetu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliweka Kanuni ya Adhabu, ambayo leo ni Sura ya 63. Kifungu cha 158: anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 14. Cha 159: mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 160: anayempa dawa au vifaa, miaka 3. Na cha 158 kinasema wazi kwamba haijalishi kama mwanamke ALIKUWA na mimba au hakuwa. Kumbuka kipimo cha haraka cha mkojo hakikuwepo wakati huo. Sheria ilifuata nia, maana mimba yenyewe haikuweza kuthibitishwa mapema.

10/
Lakini kitabu hicho hicho kina mlango wa pili. Kifungu cha 240 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Halafu kuna cha 214, ambacho watu wengi hawajui kipo: kwa makosa ya kuua, mtoto anakuwa mtu akishatoka mzima mwilini mwa mama, akiwa hai, awe amepumua au la, kitovu kiwe kimekatwa au la. Kumuua mtoto aliye karibu kuzaliwa kumewekewa kosa lake peke yake, kifungu cha 228, adhabu hadi maisha. Kwa hiyo jibu la kwanza la Kenya: mtu huanza AKIZALIWA.

11/
Jibu la pili liko kwenye sheria ya kusajili vizazi na vifo, Sura ya 149, nayo imetoka enzi za mkoloni. Hapo "kuzaliwa" ni mtoto kutoka kwa mama baada ya wiki ya 28 ya ujauzito, awe hai au amekufa. Aliyekufa tumboni akatoka wiki ya 30 anaingia kwenye daftari. Wa wiki ya 26, kwa daftari, hakutokea chochote.

12/
Hili silisemi kutoka kitabuni. Mwaka 2015, mimi nikiwa darasa la sita, shangazi yangu alipoteza mtoto wiki ya 26. Ameniruhusu niandike. Alitoka hospitali na fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani na deni la boda. Hakukuwa na cheti, hakukuwa na kibali cha kuzika, hakuna karatasi yenye jina. Akina mama wachache walimzika nyuma ya nyumba, jioni. Baada ya miaka, alinisikia nikijadili Katiba na wenzangu akauliza: "Hiyo Katiba inasema uhai unaanza mimba ikitungwa. Sasa wangu mbona hakuandikwa?" Sikuwa na jibu. Huu uzi umetokea hapo.

13/
Kabla ya Katiba, kuna kipande cha historia ambacho hatufundishwi. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria iliyomruhusu msichana aliyepewa mimba nje ya ndoa kumpeleka baba wa mtoto kortini atoe matunzo. Wanaume wengi waliichukia. Walisema wasichana wataigeuza biashara. Mwaka 1969, mwezi Juni, Bunge la Kenya huru likaifuta. Bunge hilo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Wa kwanza kuchaguliwa aliingia Desemba mwaka huo huo, sheria ikiwa imeshazikwa.

14/
Linganisha sasa. Sheria ya mkoloni iliyomfunga mwanamke miaka 7 tuliibakisha. Sheria ya mkoloni iliyomdai mwanamume matunzo tuliifuta baada ya miaka kumi. Kwa hiyo anayesema "hizi ni sheria za mkoloni" amesema ukweli, ila asiishie hapo. Tulichagua wenyewe ipi ibaki na ipi iende.

15/
Sasa twende 2010. Katiba ya uhuru ililinda haki ya kuishi bila kutaja mimba. Mvutano juu ya hilo ulionekana tangu mikutano ya Bomas, na rasimu ya 2005 ikaanguka kwenye kura ya maoni kwa sababu nyingine nyingi. Novemba 2009 wataalamu walitoa rasimu mpya ambayo kwenye haki ya uhai haikusema inaanza lini. Makanisa yakapinga. Januari 2010 kamati ya wabunge ilikutana Naivasha, na maneno ya mimba kutungwa yakaingizwa.

16/
Rasimu ilipopitishwa na Bunge tarehe 1 Aprili 2010, kifungu cha 26 kilikuwa na pande zote mbili ndani yake. Kifungu kidogo cha 2: uhai wa mtu huanza wakati wa kutungwa mimba. Hilo ndilo jibu la tatu. Kifungu kidogo cha 4: kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au AFYA ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Na kifungu cha 43 kikaongeza haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi.

17/
Yaani walipatana kwa kuandika yote mawili. Upande mmoja ukashangilia cha 2, mwingine ukashika cha 4. Hata hivyo viongozi wengi wa makanisa walifanya kampeni ya LA, wakitaja hicho cha 4 na mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura, kijani NDIYO, nyekundu LA. NDIYO ilipata zaidi ya kura milioni 6, LA karibu milioni 2.8. Kwa hivyo ukitumia kifungu cha 26 kwenye mjadala, kisome chote. Kukata nusu ni kudanganya watu.

18/
Na kuna neno moja ambalo Katiba haikulieleza: "kutungwa". Ni yai na mbegu zinapoungana, au ni kifundo kinapojipandikiza? Tofauti ni kama wiki moja, lakini ndani ya wiki hiyo kuna maswali mazito. Koili. Tembe ya dharura, ile wengi wanaiita P2, ambayo kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Viinitete vya maabara pia, maana watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi 2006, na Bunge limejadili mswada wake zaidi ya mara moja.

19/
Baada ya Katiba, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2012 kuwaeleza madaktari na wauguzi lini wanaruhusiwa kusaidia. Mwisho wa 2013 ukaondolewa. Wahudumu wakabaki na Katiba mkono mmoja na kifungu cha 158 mkono mwingine. Utafiti wa APHRC pamoja na Wizara ulikadiria mimba zaidi ya 464,000 zilitolewa Kenya mwaka 2012 pekee, nyingi kwa njia hatari. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema kuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi ilihusu msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia hatari, na baadaye akafariki.

20/
Kwa hivyo tuna majibu matatu: mimba ikitungwa (Katiba), wiki 28 (daftari la vizazi), akitoka mzima (Kanuni ya Adhabu). Ni mkanganyiko? Kiasi. Lakini pia kila sheria iliuliza swali lake. Moja inauliza nani tunamlinda. Nyingine inauliza nani tunamwandika. Nyingine inauliza nani anaweza kuuawa. Tatizo letu ni kuchukua jibu la swali moja tukalipigia debe kama jibu la yote.

21/
Mimi swali langu kwa wanasiasa ni la nne: serikali inaanza KULIPIA uhai lini? Chukua mfano mmoja tu, unga. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Kwa hesabu ya kliniki hiyo ni wiki ya 6, wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana. Wengi hawajajua wana mimba. Mfereji usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na uti wa mgongo wazi.

22/
Utafiti mkubwa uliotolewa Uingereza 1991 ulionyesha vitamini moja, asidi ya foliki, inapunguza sana hatari hiyo. Lakini mama anatakiwa awe nayo mwilini KABLA. Kliniki zetu zinatoa tembe zake, ila ukienda mwezi wa nne hiyo kazi ilishapita. Ndiyo maana Kenya mwaka 2012 ililazimisha viwanda viongeze vitamini na madini kwenye unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti. Hiyo ndiyo sheria yetu inayogusa wiki za kwanza kabisa za uhai, na sijawahi kuisikia kwenye mkutano hata mmoja.

23/
Tena ona pengo. Ni unga wa PAKITI. Huku kwetu watu wengi wanabeba gorogoro zao za mahindi hadi kisiagi cha kijijini. Unga unatoka moto, mtamu, lakini hakuna aliyeongeza kitu. Mwaka 2017 nchi nzima ilibishana juu ya pakiti ya kilo 2 kushushwa hadi shilingi 90. Bei tuliijadili hadi koo zikakauka. Kilichomo ndani, kimya.

24/
Si kwamba hakuna kilichofanyika. Tarehe 1 Juni 2013 kujifungua kulifanywa bure kwenye hospitali za umma. Kitaifa, waliozaa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walitoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi 89 mwaka 2022. Kaunti yetu ilikuwa na mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto: mama maskini akipewa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000, akienda kliniki, akijifungulia kituoni na kumpeleka mtoto chanjo. Hela ya boda, ya sabuni, ya chakula. Ukitaka kujua kwa nini mama hafiki kliniki, uliza kwanza nauli.

25/
Lakini bure bila vitanda ni nini? Agosti 2013, wiki chache baada ya tangazo, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma kaunti jirani ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, na mtu akarekodi. Machi 2018 Mahakama Kuu ilisema heshima yake ilivunjwa na ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mtoto wake alikuwa analindwa na kifungu cha 26 tangu siku ya kwanza. Siku ya kuzaliwa alipokelewa na saruji.

26/
Kwa hivyo mjadala ukirudi, na utarudi, maswali ya kumuuliza yeyote anayeomba kura yako, awe upande wowote: Kifungu cha 26 umekisoma chote? Unga wa kisiagi una mpango gani? Dawa ya malaria ya wajawazito iko kwenye zahanati yetu, au tunaambiwa tukanunue? Baba wa mtoto atabanwaje atunze, maana kifungu cha 53 kinasema jukumu ni la wazazi wote wawili, wawe wameoana au la? Aliyepoteza mtoto wiki ya 26 atapewa karatasi gani?

27/
Hilo la mwisho ni la shangazi. Yeye alipiga kura 2010 na hajawahi kuniambia rangi gani, na mimi sijamuuliza. Anasema hataki kesi wala fidia. Anataka jina liandikwe mahali. Hata kitabu cha kliniki kingetosha, kingekuwa na ukurasa wake.

28/
Mwisho wa uzi. Kama kuna tarehe au kifungu nimekosea, nirekebishe hapo chini nitashukuru. Swali la heshima nitajibu. Matusi nitayapita tu, nina mtihani wiki ijayo.